Naomba ushauri: hii "get" ina maana ngapi?

Wenzangu, mimi hutembeza wageni kwa mashua, Shela hadi Manda. Kiingereza changu ni cha gatini, lakini "get" imenishinda. Nilifunzwa ni kupata. Juzi mgeni alinieleza saa ya kumrudia, akamalizia, "Did you get it?" Nikainama kutafuta kilichodondoka mashuani, kumbe auliza kama nimeelewa! Mwenzake naye, "I'm getting cold," akajitanda leso. Hiyo angalau ni kupata baridi, lakini "get in" mbona iwe kuingia? Naona ni kama "piga" yetu: picha yapigwa, pasi yapigwa, hata makasia. Je, nikitumia "receive", "understand" na "become" badala yake yatosha, au nitasikika kama barua ya serikali?