Kuwagawa wanafunzi kwa "mtindo wa kujifunza": kuna faida?

chaki_nyeupe: Walimu, semina imetoa dodoso la kuwagawa watoto makundi matatu: wa kuona, wa kusikia, wa kutenda. Kila kundi lifundishwe kivyake. Sayansi darasa la sita, watoto 60, kipindi dakika 40. Inasaidia kweli?

mkufunzi_k: Achana nalo. Dodoso linapima mtoto anachopenda, si anachoshika. Ili dai lisimame, wa "kuona" wafaulu zaidi kwa picha na wa "kusikia" zaidi kwa maelezo, kwa mtihani uleule. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipopekua tafiti mwaka 2008, zilizopangwa hivyo zilikuwa chache mno, na kadhaa zikapinga dai lenyewe. Kinachoamua njia ni mada. Mzunguko wa damu unataka mchoro kwa mtoto yeyote.

Na wakikuletea ile piramidi ya "tunakumbuka 10% ya tunachosoma", mchoro unaotajwa kuwa chanzo chake, koni ya mtaalamu wa elimu Edgar Dale ya 1946, haukuwa na asilimia hata moja. Zilibandikwa baadaye.

peni_nyekundu: Muda huo tumia kuwapima. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke (2006), waliosoma kifungu mara nne walikumbuka 83% baada ya dakika 5, lakini wiki moja baadaye 40% tu. Waliosoma mara moja wakajipima mara tatu walianza na 71%, baada ya wiki wakawa na 61%. Ndiyo maana kukesha na daftari kunampa mtoto uhakika wa uongo.

Dakika 5 za mwanzo, madaftari yafungwe. Maswali manne: mawili ya kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Kila mtu aandike. Ukiuliza kwa mdomo watajibu walewale watano na wengine 55 watakaa kusubiri. Majibu yatoke papo hapo, la sivyo kosa linaota mizizi. Alama usirekodi, wataanza kuchunguliana.

chaki_nyeupe: Na asiyeambulia hata moja?

peni_nyekundu: Wakiwa wengi hivyo, somo halikuingia, fundisha upya kwanza. Wakiwa wachache, wape kidokezo, si jibu. Swali: kwa nini ukuta wa ventrikali (chemba ya chini ya moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kidokezo: damu ya kila upande inasukumwa kwenda wapi?