Watoto wa Bwana Faki (Arubaini Wete)

Jumapili, 5 Aprili 2020

[19:42] Zuleikha: Asalaam aleikum nyote. Ami Kombo shikamoo, Shangazi Mize shikamoo. Nimeandika tangu mchana hapana aliyenijibu, na naona mmesoma. Narudia. Arubaini ya Baba ni Jumapili ijayo. Kwa hii korona, naomba tusikutane Wete. Wala tusikutane Unguja.

[19:44] Zuleikha: Sisemi tusimsomee. Juzuu 30 za Qur'ani tutagawana humu, kila mtu asome kwake, na Jumapili baada ya alasiri tumuombee dua kila mmoja alipo. Orodha naiweka leo leo.

[19:58] Hamadi: Na pilau tutagawana humu humu? 😂

[19:58] Hamadi: Mie ukoko

[20:01] Zuleikha: Hamadi leo usinianze, nakuomba.

[20:03] Shangazi Mize: Marahaba mwanangu. Ng'ombe nishamtilia arubuni. Na mtaa mzima nishaualika. Niwambie nini watu

[20:09] Zuleikha: Wambie hali hairuhusu Shangazi, watafahamu. Shirika la Afya Duniani limeshatangaza tangu tarehe 11 Machi kuwa hili ni janga la dunia nzima. Umra imesimamishwa tangu mwisho wa Februari. Skuli zimefungwa. Mgonjwa wa kwanza hapa Zanzibar katangazwa Machi hiyo hiyo. Kama Makka imesimama, na sisi tusimame.

[20:15] Hamadi: Mie nshakunywa tangawizi, ndimu na kitunguu thomu. Jana nimejifukiza mwarubaini mpaka jirani kagonga mlango akidhani napika halua

[20:16] Asha wa Chake: 😂😂😂 Hamadi utatuua

[20:16] Mbarouk: Halua ya wapi hiyo nije

[20:17] Hamadi: Kilo elfu kumi, kwa familia elfu kumi na mbili

[20:24] Zuleikha: Tangawizi kunyweni, inatuliza koo. Kuambukizwa haizuii. Wala jua letu halizuii, maana nasikia na hilo linasemwa barazani. Dawa ya kuiponyesha hakuna mpaka sasa na chanjo hakuna. Tulichonacho ni sabuni na kukaa mbali mbali. Kirusi hiki kimezungukwa na utando wa mafuta, sabuni inaupasua ule utando, kinakufa. Hata sabuni ya mche inatosha. Lakini isugueni: viganja, nyuma ya mkono, baina ya vidole, chini ya kucha, sekunde 20 kwa uchache. Si kule kuchovya vidole kwenye beseni watu kumi maji yale yale, halafu taulo moja linazunguka barza nzima.

[20:26] Shangazi Mize: Beseni tutaweka matatu

[20:27] Zuleikha: Shangazi 🙏🏽 si idadi ya mabeseni.

[20:41] Rukia Maskati: Waaleikum salaam. Zuleikha asemayo ni kweli. Huku misikiti imefungwa, Ijumaa hatusali jamaa, na wilaya ya Matrah wameizuia tangu tarehe 1, hapana kuingia wala kutoka. Mimi nawaona mnavyotaka kupanda boti na moyo unanienda mbio

[20:44] Salum: Naona mnapanga.

[20:44] Salum: Kama kawaida mnapanga, sisi wa Dar tunaletewa majibu.

[20:47] Zuleikha: Kaka Salum, nimeandika kwenye kikundi ili sote tuone. Sijampigia mtu pembeni.

[20:52] Salum: Baba alipougua nyinyi mlijua wiki nzima. Mie nimepigiwa simu maiti keshaoshwa. Nimefika kaburi limeshakauka udongo. Leo arubaini naambiwa tena nisije. Na ile habari ya kule Mchanga Mdogo nilinyamaza.

[20:53] Mbarouk: Ujumbe huu umefutwa

[20:55] Shangazi Mize: Salum mwanangu usifukue hayo

[20:56] Salum: Sikuyafukua Shangazi, hayajawahi kufukiwa.

[21:10] Zuleikha: Kaka, una haki ya kuumia na hilo nitakuja kukaa nawe tulizungumze mpaka liishe, lakini si humu na si leo. Leo nazungumza juu ya Mama.

[21:18] Zuleikha: Mama yumo edani, amekaa ndani kwa kufiwa na Baba. Chumba chake mnakijua, dirisha moja, nalo limefungwa pazia kwa ajili ya eda. Udi unafuka. Siku ya arubaini kila mwanamke atakayefika ataingia humo kumhani. Atakaa mkekani karibu naye, atamshika mikono, atambusu, watalia pamoja uso kwa uso. Atoke mmoja waingie watatu, mpaka magharibi. Mama ana miaka 78 na ana sukari. Katika wote tulionao, maradhi haya yakimkuta yeye ndiye wa kuhofiwa zaidi. Wazee, wenye sukari, wenye presha, wenye maradhi ya moyo: hao ndio yanaowazidi wakafika kushindwa kupumua. Kijana anaweza kupata kikohozi na homa siku chache akainuka. Au asipate kitu kabisa.

[21:20] Zuleikha: Na hapo ndipo penye hatari. Mtu akishaambukizwa, dalili zinaweza kuchukua siku 2 mpaka 14 kutokea, na anaweza kuambukiza kabla hajajihisi kuumwa. Kwa hivyo mtu akinambia "mimi mzima", namwamini, lakini haitoshi. Utapanda boti, abiria bega kwa bega, madirisha hayafunguki, bahari ikichafuka watu wanatapika na kupasiana mifuko. Unashuka Mkoani, unabanana kwenye gari mpaka Wete, na mtu wa kwanza unayekwenda kumbusu mkono ni Mama.

[21:23] Rukia Maskati: Subhanallah

[21:24] Asha wa Chake: Hilo la edani sikulifikiri wallahi

[21:31] Hamadi: Dada, na sisi tulio hapa hapa Pemba? Chake mpaka Wete si safari

[21:33] Zuleikha: Nyinyi mnakwenda sokoni, mnakaa barazani na watu walioshuka jana. Mtakaotaka kumuona Mama simameni ukumbini, yeye chumbani, msalimieni kwa mbali. Mkono msimpe. Mwenye mafua au homa asisogee hata mtaani kwao. Barakoa za kitambaa Asha anaweza kushona, zifuliwe kila siku kwa sabuni na zianikwe juani. Ukikohoa kohoa kwenye kiwiko, usikohoe kwenye kiganja ukampa mtu mkono.

[21:34] Hamadi: Na kwenye sinia je, watu wanne wanne?

[21:35] Zuleikha: Sinia hakuna.

[21:36] Hamadi: Basi hiyo ndo arubaini kweli, marehemu hana mwili na walio hai hawana wali 😂

[21:36] Mbarouk: 😂😂😂😂

[21:39] Rukia Maskati: Hamadi una adabu wewe? Anayesomewa ni babu yako

[21:40] Hamadi: Samahani Khalati

[21:58] Khatibu (mjukuu wa Ami Kombo): Asalaam aleikum. Babu kasikiliza zote, nimemsomea moja moja. Kaniambia nimrekodi.

[21:59] Khatibu: 🎤 Sauti 2:14

[22:04] Khatibu: Kwa wasio na bando nawaandikia kama alivyosema:

"Nisikilizeni. Begani mwangu nina alama ya chanjo ya ndui. Zamani mwenye ndui hakuwa akikaa na watu. Akitengwa kibandani huko shamba, na anayempelekea chakula ni yule aliyekwisha ugua akapona. Hapana aliyesema katengwa kwa chuki. Mtume, rehema na amani zimshukie, katufundisha: mkisikia tauni imeingia katika nchi msiiendee, na ikitokea mahali mlipo msitoke kuikimbia. Sayyidna Omar alirudi njiani hakuingia Sham. Akaulizwa, unakimbia kadari ya Mungu? Akasema, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Faki alikuwa ndugu yangu tumbo moja. Mimi mwenyewe ni jirani yake na Jumapili sitakwenda nyumbani kwake, nitamsomea hapa nilipo. Asiyekuja hajamkata Faki. Na Salum, lile la maiti ulionewa. Nilikuwepo na sikusema neno. Nakwambia mbele ya wote."

[22:31] Asha wa Chake: Tumesikia Ami

[22:33] Rukia Maskati: Mungu akupe umri Ami 😢

[22:34] Mbarouk: Tumesikia

[22:50] Zuleikha: Ahsante Ami. Orodha hii, kila mtu aandike jina lake:
Juzuu 1–3 Ami Kombo
4–6 Zuleikha
7
8–9 Rukia
10–14
15 Asha
16–30

[22:53] Asha wa Chake: Niongeze 16 na 17

[22:55] Hamadi: Mie 29. Na 28. Kweli dada, sifanyi mzaha

[22:57] Mbarouk: 7

[23:12] Shangazi Mize: Mwenye ng'ombe harudishi arubuni, nimempigia. Tukichinja nyama tugawe kwa majirani, huo nao ni mkusanyiko?

[23:15] Zuleikha: Shangazi, nani atachinja, nani atakata, nani atapita mlango kwa mlango? Hao ni watu wangapi uani kwako? Au tumuuze tutoe sadaka ya fedha?

[23:16] Shangazi Mize: Faki hakuwa mtu wa kutolewa sadaka ya fedha. Alipenda watu wale

[23:18] Zuleikha: Khatibu, muulize Ami habari ya ng'ombe.

[23:19] Khatibu: Keshalala

Jumatatu, 6 Aprili 2020

[06:02] Omar Bububu: Amin amin. Tumuombee

[06:03] Omar Bububu: Nishakata tiketi nne za boti ya Ijumaa, kuna mwengine anayekwenda tuchangie gari kutoka Mkoani?

[06:05] Zuleikha: Kaka Omar rudi juu usome kuanzia jana saa moja na nusu usiku. Soma yote. Na msikilize Ami.

[06:40] Omar Bububu: Nimesoma. Tiketi hazirudishwi lakini. Na watoto nishawaahidi

[06:42] Zuleikha: Nitakulipa mimi nusu. Usipande na watoto.

[07:15] Salum: 30 niandikeni mimi. Na 18 mpaka 20.

[07:16] Zuleikha: Ahsante kaka. Kwa hivyo huji?

[07:48] Salum: Ami nimemsikia. La kuja nitakupigia jioni.

[07:50] Zuleikha: Bado 10 mpaka 14, na 21 mpaka 27. Omar chukua tano.

[08:21] Shangazi Mize: Na ng'ombe?