Watoto wa Barabara ya 12 🌴

Alhamisi

Rehema 20:02
Asalaam aleikum wote. Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, matembezi ya kumchangamsha Salma. Tunaanzia kwa Mama hapa Ngamiani, tunashuka mpaka Raskazone, tunarudi kabla jua halijawa kali. Anayekuja aweke jina. Asiniandikie "tupo pamoja".
1. Rehema
2. Salma

Rehema 20:19
Mmesoma watu 11. Nawaona.

Mudi 20:21
Tupo pamoja 🙏

Rehema 20:21
Mudi.

Mudi 20:22
Kuna supu mwisho wa safari au tunatembea bure?

Salma 20:30
Dada mimi sijasema nakuja, nimesema nitaangalia. Jioni miguu inavimba.

Rehema 20:33
Ndiyo utembee sasa! Unashinda kwenye cherehani toka asubuhi. Shirika la Afya Duniani wanasema mjamzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa mara tano. Wewe una sifuri.

Mudi 20:35
Serena Williams alibeba Australian Open 2017 akiwa na mimba. Salma hata raketi ya mbu inamshinda 😂

Salma 20:36
😂😂 mshenzi wewe

Salma 20:38
Halafu dada, ile utrasaundi ya wiki ya 20 si walisema kondo limekaa chini, nirudi kupima tena? Sijarudi.

Mudi 20:38
Na hiyo raketi ni yangu, nayo haijarudi.

Rehema 20:41
Mudi acha. Salma usitafute visingizio. Fulana za sare 8,000 kila mtu, tuma kwangu leo fundi aanze.

Shabani 21:15
Sare tena? Hesabu ya zile kanga za arobaini ya Mzee tutasomewa lini?

Rehema 21:16
Shabani tusianze.

Ijumaa

Mwajuma 05:48
Samahani nimeona sasa hivi. Mimi siji. Nisije nikaambiwa nimemtembeza wifi.

Rehema 06:10
Mwajuma nani kakutaja?

Mwajuma 06:12
Hakuna. Hata ile ndoo hakuna aliyenitaja. Niliyasikia nikiwa nje, nyie mko jikoni.

Shabani 06:30
Mama Nuru, tuyaache.

Mwajuma 06:31
Nimeyaacha miaka tisa.

Mudi 07:05
[Stika: Ijumaa Kareem]

Hamisi Maskati 09:20
Asalaam aleikum. Mke wangu asitembezwe. Apumzike. Hela ya bodaboda natuma kila wiki.

Salma 09:24
Hamisi, hiyo bodaboda na mashimo ya huku ndiyo inanitikisa kuliko kutembea.

Rehema 09:25
Shemeji, mimba si homa.

Hamisi Maskati 09:40
Dada Rehema, na kuku si mpira.

Mudi 09:41
Hii hata mimi sijaielewa 😂😂

Pili 14:37
Nimetoka zamu ya usiku, nimelala, naamka nakuta mnazungumza kuku. Rudini juu. Salma kaandika kondo liko chini. Hakuna aliyesoma?

Pili 14:39
Salma, walikwambia urudi wiki ya ngapi?

Salma 14:52
28

Pili 14:52
Uko ya ngapi?

Salma 14:55
29 na siku. Nilikwenda nikakuta foleni, nikarudi nyumbani.

Pili 15:03
Sikiliza. Kondo la chini wiki ya 20 wengi linawapanda lenyewe mfuko wa uzazi unavyotanuka. Ndiyo maana wanakurudisha, waone kama limeshaondoka mlangoni. Kama bado limeziba mlango wa kizazi, hakuna mazoezi. Linaweza kumwaga damu bila hata tumbo kuuma. Umeona damu yoyote?

Salma 15:04
Hapana

Pili 15:04
Maji kutoka? Mtoto anacheza kama siku zote?

Salma 15:05
Anacheza, hasa nikilala ndiyo anaanza mpira.

Pili 15:09
Vizuri. Lolote kati ya hayo likibadilika, hospitali hata iwe saa 9 usiku, usimsubiri Rehema. Na hiyo miguu: kuvimba jioni wengi wanapata. Ila ukivimba uso na mikono, kichwa kikagoma kuacha kuuma, macho yakaona vimulimuli, hiyo ni presha ya mimba. Siku hiyo hiyo unakwenda.

Rehema 15:11
Sasa Pili kwani kutembea kuna ubaya gani, mimi nilitembea mimba zote nne

Pili 15:18
Hakuna ubaya. Wakimpima wakasema kondo limepanda, mimi mwenyewe namtembeza. Mwendo wa kuongea: akishindwa kumaliza sentensi, mnapunguza. Chupa ya maji mkononi, viatu si kandambili. Lakini Rehema ile video uliyomtumia ya kunyanyua miguu amelala chali, futa. Tumbo likishakuwa kubwa ukilala chali linabana mshipa unaorudisha damu moyoni, mtu anaona kizunguzungu. Kwenye cherehani pale abane kama anazuia mkojo, ahesabu tano, aachie. Hilo nalo ni zoezi na halina sare.

Mudi 15:19
Zoezi halina sare 😂😂😂 nafuu ya hela zetu

Rehema 15:22
Kwa hiyo Jumapili ipo au haipo? Fundi ameshakata vitambaa sita.

Zai 16:40
Bibi alikuwa ananiambia nimsomee. Amesema niandike alivyosema, nisipunguze.

Zai 16:44
"Salma apimwe kwanza. Mnapenda kusimulia tulivyotwanga mpaka uchungu ukatukuta kinuni. Wapo tuliowazika, hao hamuwasimulii. Na neno la ndoo nililisema mimi. Tulikuwa tunakuna nazi. Wengine waliitikia tu. Ndoo haikuua mimba ya mtu. Mwajuma aje Jumapili, asije na kitu mkononi."

Shabani 18:26
🙏🏾

Hamisi Maskati 18:30
Nimekusikia Mama.

Mudi 18:31
Ujumbe huu umefutwa

Rehema 19:50
Nimemsikia Mama. Basi: Jumatatu saa 1 asubuhi nampeleka Salma mwenyewe kupima, foleni nitakaa mimi. Jumapili tunatembea sisi wengine, Salma anakaa barazani kwa Mama na mbaazi na maandazi.

Salma 19:58
Dada Jumatatu nina mteja anafuata gauni la harusi. Jumanne?

Pili 19:58
Jumatatu.

Rehema 19:59
Jumatatu.

Salma 20:14
Haya tutaona

Rehema 20:15
Si tutaona. Na 8,000 bado wawili tu wametuma.
1. Rehema
2. Salma (barazani)
3. Mudi
4. Zai

Mudi 20:16
Mimi niandikie (supu)

Jumamosi

Rehema 12:03
Kimya tena. Shabani?

Shabani 17:45
Niko safarini Korogwe, nikiwahi nitakuja.

Mwajuma 22:51
1. Rehema
2. Salma (barazani)
3. Mudi (supu)
4. Zai
5. Mwajuma ?

Rehema 22:52
Hicho kiulizo cha nini wifi?

Rehema 23:17
Basi niambie saizi ya fulana tu.