Tamasha la kufunga mwaka Kisumu: fataki, tufe la moto au cheche baridi?

Jirani_wa_Dunga
Wadau, habari za jioni. Kamati yetu ya vijana inaandaa tamasha la kufunga mwaka kwenye uwanja wazi kando ya ziwa. Tunatarajia watu kama elfu moja, wengi wakiwa na watoto. Bendi ikimaliza wimbo wa mwisho, tunataka kitu cha kuwapigisha watu mayowe. Mezani kuna mambo matatu: fataki za kurushwa juu ya maji, matufe ya moto ya gesi pande mbili za jukwaa, na zile mashine za cheche baridi za harusini. Moyo wangu umeegemea kwenye tufe la moto. Mnashauri nini?

FundiJukwaa_Nakuru
Omera, nakuelewa kabisa. Hakuna kinachoshika umati kama tufe la moto, kwa sababu hulioni tu, unalihisi usoni. Mafuta au gesi hutawanywa kama wingu na kuwaka kwa mara moja. Ile rangi ya manjano ni masizi yanayong'aa kwa joto, na kwa kuwa hewa moto hupanda, wingu lote hujiviringa likielekea juu. Sekunde moja au mbili, kwisha.

Sasa joto hilohilo linalofika usoni linafika pia kwenye turubai, mabango na nyaya za spika. Ukienda mbali mara mbili, joto linabaki robo, kwa hiyo nafasi ndiyo kila kitu. Jukwaa lenu lina paa la hema? Kama lipo, tufe la moto liondoe kabisa kwenye mpango. Tena gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, inatambaa na kujaa mabondeni na chini ya jukwaa, palepale penye umeme. Mitambo halali ya kazi hii ina valvu za usalama, kifaa cha kuhakikisha mwali umewaka, na mtu aliyeshika swichi ya kukata huku macho yake yako jukwaani tu. Marekani wana kanuni nzima ya moto mbele ya watazamaji, NFPA 160. Mtu akikuletea mtambo aliochomelea mwenyewe, mshukuru umwambie arudi nao nyumbani.

Mzee_wa_Molo
Vijana wangu, sisi wa huku tuliona Sachang'wan, Januari 2009. Lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya mia moja. Kuna wanaotengeneza matufe ya moto kwa petroli, nimeona video zao. Nawaomba, petroli isikaribie sherehe yenye watoto.

MamaMilimani
Asante mzee. Mimi naunga mkono cheche baridi, ila jina lisiwadanganye. Ni chembechembe za metali, titani hasa, zinazochomwa na kurushwa juu. Hapo zinapotokea ni moto kweli, zinapoa zikianguka. Kitambaa kikiwa karibu na mdomo wa mashine kinaungua. Na msizifananishe na zile fataki za jukwaani za kawaida: mwaka 2003 kule Rhode Island, Marekani, ziliwasha sponji ya kuzuia sauti ndani ya klabu na watu 100 wakafa. Ninyi mko nje, shukuruni Mungu kwa hilo.

Kakamega_Sauti
Kwangu, fataki juu ya maji zinashinda. Mko na ziwa! Watu wa Nakuru wana mbuga yenye flamingo karibu na mji, huko mlio ungewashtua ndege.

Kanuni wanayotumia wataalamu: kila inchi moja ya kipenyo cha fataki, futi 70 kutoka kwa watu. Ya inchi 3 inataka futi 210, yaani mita 64 hivi. Ya inchi 4, mita 85. Pimeni uwanja kwanza, ndipo mchague ukubwa. Msinunue kubwa halafu mkaanza kusukuma watu nyuma. Upepo nao: mchana hadi jioni mara nyingi unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Mkirusha mapema, moshi na mabaki yanawarudia.

Na jambo ambalo wengi husahau: wavuvi wa omena wako majini usiku na taa zao. Ongeeni na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wenu, mapema, na siku yenyewe mtu asimame akihesabu mitumbwi kabla ya kuwasha chochote.

MamaMilimani
Vibali pia. Fataki ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, kwa hiyo ni mkaguzi wa vilipuzi, halafu NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa sababu ya kelele, polisi, na zimamoto wa kaunti. Tafuteni kampuni yenye leseni, iwaonyeshe karatasi kabla hamjalipa. Na majirani waambiwe saa kamili, wengine wana wagonjwa na wazee.

Jirani_wa_Dunga
Nimewasikia wote, na jukwaa letu lina turubai, kwa hiyo tufe la moto nimeliacha. Nitapeleka hivi kwa kamati: fataki za inchi 3 juu ya maji kupitia kampuni yenye leseni, na mashine mbili za cheche baridi mbele ya jukwaa. Kuna la kuongeza?

FundiJukwaa_Nakuru
Mpango safi. La mashine tu: zile chembechembe hazipendi unyevu, na hapo ziwani hewa ina unyevu mwingi. Pakiti ifunguliwe dakika za mwisho, la sivyo mashine inakwama. Na wekeni ndoo za mchanga mkavu kando yake. Metali hiyo ikishika moto msiimwagie maji, yanazidisha. Maji yawe kwa turubai na nyasi, mchanga kwa mashine, na wanaozisimamia wajue tofauti kabla ya bendi kupanda.