Ushauri: dawa gani inafaa kwa mbao za baraza zilizoingia weusi?

Mwenye uzi (Kibosho, Moshi)
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Baraza la nyumba ya wazazi wangu lina sakafu na kingo za mbao za saipresi. Baada ya masika mawili bila kupakwa chochote, zimegeuka kijivu, na upande wa migombani zimeota utando wa kijani na madoa meusi. Fundi mmoja amenishauri nimwage klorini ya kufulia isiyochanganywa na maji, kisha nisugue kwa brashi ya waya. Nasita, maana maji yote yataishia kwenye migomba na kahawa.

Seremala (Moshi mjini)
Umefanya vyema kusita. Kabla ya kununua dawa yoyote, jua kwanza weusi huo umetokana na nini. Dondosha tone la klorini juu ya doa: likififia ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni kuvu; lisipofifia, ni uchafu wa kawaida au kutu ya misumari iliyokutana na tanini, yaani kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao. Kijivu ni habari nyingine, kwani hicho huletwa na jua linalovunja lignini, yaani gundi inayoshikamanisha nyuzi za mbao.

Kwa utando na kuvu mimi hutumia sodiamu pakaboneti, ambayo imo katika baadhi ya unga wa kuondoa madoa ya nguo usio na klorini. Ikikorogwa katika maji ya vuguvugu hutoa haidrojeni peroksaidi na magadi. Mbao zibaki zimelowa kwa dakika 15 hivi, kisha usugue kwa brashi ya plastiki kwa kufuata nyuzi na kusuuza. Koroga ya kutumia siku hiyo tu, kwa sababu ikilala hupoteza nguvu. Brashi ya waya iache kabisa. Vipande vyake hunasa ndani ya mbao na kuota kutu.

Mchangiaji (Njiro, Arusha)
Mimi nilimwaga klorini kali kwenye mlango wa nje. Mbao ilipauka, ikaota manyoya, nikapiga msasa siku mbili, na weusi wa kuzunguka misumari haukutoka. Uliondolewa na asidi ya oksaliki. Angalizo: asidi hiyo isikutane na klorini, kwani hutoa gesi ya sumu. Vaa glovu na miwani, na kuku wafungiwe.

Seremala
Ni kweli, na asidi hiyo hung'arisha mbao zilizotiwa giza na magadi. Kuhusu migomba, lowesha majani na udongo kwa maji mengi kabla ya kazi na baada yake.

Mwenye uzi
Nashukuru. Nimejaribu tone leo asubuhi: madoa ya upande wa kivuli yamefifia, ya kwenye misumari yamebaki vilevile. Basi nitaanza na pakaboneti sehemu yote, nisuuze, halafu asidi niipake penye misumari tu. Mafuta ya mbao yatasubiri mvua ziishe na mbao zikauke.