Bwawa la bustanini linapigwa jua kutwa nzima, maji yamekuwa kijani. Nianzie wapi?

Babu_wa_Bwawani

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nina bwawa dogo la samaki wa mapambo: urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 60, samaki 14. Nililichimba mwenyewe baada ya kustaafu, nikatandika turubai zito na kulizungushia mawe. Kwa kuwa nilitaka nilione kutoka dirishani, nililiweka katikati ya uwanja mtupu. Jua likichomoza linalikuta, likizama ndipo linaliacha.

Miezi ya mwanzo maji yalikuwa maangavu, samaki nikiwahesabu mmoja mmoja. Sasa nikizamisha mkono, vidole vinapotea kabla maji hayajafika kiwiko. Mara tatu nimemwaga maji yote, nikasugua turubai, nikajaza upya. Hazipiti siku tisa, ukijani umerudi, na safari ya mwisho ulirudi mzito zaidi. Kwenye mawe nako kumeota nyuzi ndefu kama nywele.

Lakini rangi si ndiyo inayoninyima usingizi. Juzi nilitoka alfajiri nikawakuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanahema. Jua lilipopanda wakashuka wakawa kama hawajapatwa na kitu. Nawajua wote kwa mabaka yao, na sitaki kumpoteza hata mmoja. Nimeshauriwa nipande mti wa kivuli, nimeshauriwa nitie dawa ya kuua mwani, yaani huo ukijani wenyewe, na mwenyewe nimefikiria kufunika bwawa lote kwa mbao. Nishike lipi?

Fundi_Pampu

Shikamoo mzee wangu. Kabla ya kivuli, waokoe hao samaki kwanza. Mwani mchana hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, lakini usiku nao huvuta oksijeni ile ile wanayoitegemea samaki. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni hiyo ya kabla ya mapambazuko. Na maji yakipata joto hushika hewa kidogo: ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Weka pampu ya hewa leo hii, au pampu inayorusha maji juu, na iende usiku kucha. Wengi huizima wakienda kulala.

Dawa achana nayo. Nyingi zina madini ya shaba, nayo ni sumu kwa samaki maji yakiwa na chumvichumvi chache. Halafu mwani ukifa wote kwa mpigo huoza, na vijidudu vinavyouozesha hula oksijeni hiyo hiyo. Kwa hali ya bwawa lako sasa, usiku mmoja tu unaweza kukumaliza.

Kivuli sasa. Mbao juu ya bwawa zima zitazuia hewa isipite juu ya maji na kuinyima mimea mwanga. Tumia neti ya kivuli, ile inayokata kama nusu ya jua, kwenye nguzo nne, juu kiasi cha kupita mtu mzima bila kuinama. Iinamishe upande wa magharibi, maana jua la kuanzia saa nane mchana ndilo linalochemsha maji. Mti usipande karibu: majani yataangukia bwawani na kuoza, na mizizi itatafuta turubai.

Bi_Yungiyungi

Naunga mkono neti, ila mzee usiitegemee peke yake. Kivuli kizuri zaidi kwa bwawa ni majani yanayoelea. Yungiyungi huziba jua na wakati huo huo hunyonya chakula kilichomo majini, kile kile ambacho mwani ungekula. Lenga majani yafunike nusu ya uso wa maji au zaidi kidogo, lakini si wote. Lipande kwenye kikapu chenye udongo mzito wa mfinyanzi, juu umwage kokoto, la sivyo samaki watafukua. Liweke mbali na pampu inayorusha maji, halipendi kulowanishwa majani. Tena linahitaji kupigwa jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku ili litoe maua, kwa hiyo neti ifunike upande mmoja tu.

Gugu maji watu watakusifia kwa kuwa hukua haraka. Likiponyoka likafika kijito au mto, madhara yake hayana mwisho. Mimi silitumii.

Mfugaji_wa_Perege

Niongeze neno moja kutoka upande wetu wa ufugaji. Sisi maji ya kijani tunayatafuta kwa makusudi, kwa sababu perege hula mwani. Na tunayapataje? Tunatia samadi. Sasa mzee, wewe hutii samadi, lakini kuna kitu kinafanya kazi hiyo hiyo. Jua peke yake haliwezi kuugeuza mwani ukawa mzito hivyo, lazima unalishwa. Unawapa samaki chakula mara ngapi kwa siku, na kiasi gani? Na bustani yako ina mteremko wa kwenda wapi?

Babu_wa_Bwawani

Mwanangu, umenigusa pale pale. Nawalisha asubuhi, mchana na jioni, kila mara konzi nzima. Wajukuu wakija nao wanataka kulisha, na siwezi kuwanyima. Chakula kingine huzama, nilidhani watakila baadaye. Na mteremko ndiyo, nyasi zinateremkia bwawani, na mwezi uliopita nilizitia mbolea ya chumvichumvi. Mvua ilinyesha siku ya pili yake.

Mfugaji_wa_Perege

Basi tumempata. Chakula kinachozama na mavi ya samaki hutoa naitrojeni na fosforasi, na mbolea ya nyasi ni hizo hizo. Lisha mara moja kwa siku, wanachomaliza ndani ya dakika tatu tu, kinachobaki kitoe kwa wavu wa mkono. Wajukuu wape wao zamu hiyo moja. Upande wa mteremko chimba mfereji mdogo uyapitishe maji ya mvua pembeni.

Fundi_Pampu

Na kumwaga maji yote acha kabisa. Unaposugua unaondoa vijidudu wema wanaosafisha amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kisha mwani unaanza upya bila mshindani. Bwawa lako ni lita 3,600. Badilisha lita 400 hivi kwa wiki, na maji ya bomba yaondolee klorini kwanza. Sponji ya chujio isuuze kwa maji ya bwawani, si ya bomba. Zile nyuzi zizungushe kwenye kijiti uzivute kwa mkono. Ukoga mfupi juu ya mawe uache, hauna ubaya.

Babu_wa_Bwawani (wiki saba baadaye)

Narudi kuwapa habari, kwa kuwa mlinipa muda wenu. Pampu ya hewa niliiwasha siku ile ile na tangu hapo sijawaona tena wakihema. Niliamka alfajiri siku sita mfululizo kuhakikisha. Mfereji nimechimba, neti iko magharibi, mayungiyungi mawili yametoa majani 19 kwa pamoja.

Wiki tatu za mwanzo hakikubadilika kitu na nilikaribia kumwaga maji tena. Wiki ya nne nilianza kuona kiganja changu maji yakiwa kiwikoni. Jana niliona sakafu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupunguza chakula, maana samaki wanapanda juu wakiniona, na moyo wangu unaniambia wana njaa. Mjukuu mdogo ndiye anayenizuia. Ana saa yake, zikiisha dakika tatu ananinyang'anya mkebe.

Swali limebaki moja. Yungiyungi la pili majani yake ya nje yanageuka manjano. Bi Yungiyungi, niyakate au niyaache?

Bi_Yungiyungi

Kata mzee, ukifuata kikonyo mpaka chini kabisa, na usiyaache majini. Hayo ni majani yaliyozeeka tu.