Ruta ya zamani iwe akses pointi, ripita au mesh? Tulinganishe

Mkaa_Uani: Wakuu habari za Jumapili. Faiba imefungwa sebuleni na neti iko poa, shida ni chumba cha uani anakolala mdogo wangu, yuko chuo na masomo mengi ni ya mtandaoni. Katikati kuna jiko na kuta mbili za tofali za bloku, waifai ikifika kule imechoka kabisa. Kabatini kuna ruta ya zamani, TP-Link TL-WR841N, haina kazi. Niitumie hiyo kama akses pointi (inapokea neti kwa waya na kurusha waifai), ninunue ripita (inadaka waifai na kuirusha tena), au nijipinde nichukue mesh (vifaa kadhaa vinavyorusha waifai kwa pamoja)? Ukifuata ukuta ni kama mita 25.

Fundi Waya: Mkuu kama waya unapita usinunue kingine, hiyo 841N inatosha. Iriseti kwanza, chomeka laptop kwenye LAN yake (matundu ya mtandao wa ndani), ingia kwenye setingi ubadilishe IP (anwani) ya LAN, mfano ruta ya faiba ikiwa 192.168.1.1 hii ipe 192.168.1.2 na uhakikishe namba hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta kubwa inagawa, halafu zima DHCP (ile kazi ya kugawa anwani kwa vifaa). Jina la waifai na paswedi fananisha na za sebuleni ili simu ihame yenyewe, chaneli (njia ya redio ya waifai) ndo utofautishe, kule 1 huku 6 au 11. Ukimaliza waya utoke LAN uingie LAN, lile tundu la WAN (la kuingizia intaneti) liache wazi.

dada_neti: Hapo kwenye DHCP pasirukwe jamani. Ukiiacha zinakuwa ruta mbili zinagawa anwani kwenye mtandao mmoja, simu nyingine zinaelekezwa kwa ruta ambayo haina intaneti, unabaki kulaumu kampuni bure. Na ukichomeka WAN neti itapatikana ndiyo, ila unakuwa na mtandao ndani ya mtandao, kijana akiwa uani hataiona printa ya sebuleni wala kurusha video kwenye TV.

Kibo_88: Nakubaliana nanyi nusu. 841N ni ya masafa ya 2.4GHz tu na poti zake mwisho 100Mbps, kwahiyo mwenye kifurushi cha 200 anajibana mwenyewe. Halafu ni za zamani, nyingi zina flashi (hifadhi) ya 4MB na RAM 32MB, hata OpenWrt (programu huria ya ruta) waliacha kuzihudumia, toleo la mwisho kwa mashine za hivyo ni 19.07. Mi ningetafuta Archer C6 ya mtumba, ina 5GHz, poti za giga, na kwenye setingi kuna modi ya akses pointi kabisa, unachagua tu.

Fundi Waya: @Kibo_88 sawa kwa mwenye kifurushi kikubwa. Mkuu wewe uko speed gani?

Mkaa_Uani: 30Mbps. Ripita je, si haina mambo ya waya?

dada_neti: Ripita za bei rahisi zinapokea na kurusha kwa redio ileile, speed inashuka karibu nusu. Na huiweki kule neti ilikokufa, unaiweka katikati ambako bado inashika vizuri, kwako hapo katikati ni jikoni na ukuta mmoja bado uko mbele yake. Ripita namshauri mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Mesh isiyo na waya nayo itapambana na kuta hizohizo.

Mzigua Jr: Kuna zile adapta za kupitisha neti kwenye nyaya za umeme hamjazitaja. Zinafanya kazi, ila kama uani kuna mita yake ya LUKU au fezi nyingine (laini tofauti ya umeme) usihangaike nazo. Na usizichomeke kwenye ekstensheni, chomeka soketi ya ukutani moja kwa moja.

Mkaa_Uani: Mita ni yake kweli. Basi 841N na waya. Ninunue waya upi?

Fundi Waya: Waya wa neti wa CAT5e wa shaba tupu, mwisho wake ni mita 100 kwahiyo 25 haikusumbui. Zipo za alumini iliyopakwa shaba, bei inavutia ila kataa, zinakatika ovyo. Kipande kinachopita nje kiingize kwenye bomba la PVC maana jua linapasua ganda, na usikiweke bomba moja na waya wa umeme. Kabla ya kufunga plasta jaribu kwanza laptop ikiwa kwenye waya, ukiona inasoma 100Mbps endelea, ikisoma 10 rudia kukandamiza vichwa vya waya. WPS (kuunga simu kwa kitufe au PIN) nayo zima, usalama wa waifai weka WPA2.